Saa ya Kuzika Honorine

Bibi yangu Honorine, mwanamuke mwenye nilioa, hakukosaka kilio ya muntu. Bantu ya Katuba, hapa kwetu Lubumbashi, banaweza kukuambia. Akisikia tu kama kuko mwenye alikufa, anafunga samaki yake mu sachet, anaachia jirani meza ku soko, anavaa kitenge ya kilio, anaenda. Ata kama mufu hamuyue muzuri. Nilikuwa namutania:

"Weye unalia ata bantu benye balikutukanaka."

"Kapya," ananiyibu, "muntu anasindikizwa na bantu benye alisindikizaka. Weye mwenye kuikala paka tu na poste yako ya soudure, ya kuchomelea chuma, utazikwa na nani? Na mbwa ya jirani Doudou?"

Kintu moja tu njo alitakaka mu maisha yake: siku yake ikifika, bantu bakuye. Hakuomba nyumba ya étage, hakuomba kupanda ndege. Bantu bakuye, bamuimbie, bamufikishe. Na hawakukuya. Nitaeleza juu ya nini hawakukuya, na nitaeleza ni nani alifanya vile, juu bakubwa banapendaka kusema: "Ni mashini." Mashini haina mikono.

Mutoto yetu Joëlle alisoma informatique. Mi nilikomea ku tano ya primaire, mwaka yenye baba yangu alifukuzwa ku kazi ya mukuba, ile shaba, na bakubwa benye walikuwa bangali banakula muzuri. Lakini mutoto alisoma. Akapata kazi ku bureau moja kule Karavia, kwa chef anaitwa Lucien. Banatengeneza page moja ya téléphone, jina yake Tusindikizane. Muntu akikufa, familia inaandika pale: nani alikufa, kilio iko wapi, kuzika ni saa ngapi. Zamani tulikuwa tunangoja communiqué ku radio. Leo bantu banatazama téléphone. Ata kule Kasenga, kwa bandugu ya Honorine, banatazamaka Tusindikizane mbele ya kupakia samaki mu gari.

Kazi ya Joëlle alinieleza mu kiwanja, na nikasikia muzuri juu alieleza na bintu yangu. Page haizaliwe vile unaionaka, alisema. Inaandikwa mu bipande bipande, mu luga ya mashini yenye banaitaka JavaScript, kisha kuko programu ya kuijenga: inakusanya bile bipande, inabipanga, inabibana, page inatoka. Sawa mi na mulango: chuma iko huku, paumelle, bawaba yake, iko huku, naunganisha. Na juu ya ile programu unaweza kubandika kifaa kidogo, plagini, yenye inafanya kazi moja tu. Plagini ya Joëlle ilikuwa inatenga luga. Maneno ya Kifaransa inatia mu paketi yake, maneno ya Kiswahili mu paketi yake, ili téléphone ya mulimaji ya Lukafu ivute paketi moja, isikule mega ya internet bure.

"Na kama plagini inakosea?" nilimuuliza.

"Njo maana kuko testi, baba. Napatia plagini maneno, naandika kintu gani inapashwa kutoka. Mashini inalinganisha yenyewe. Ikitoka sawa, inawaka kijani. Ikitoka ingine, nyekundu. Kila mara muntu anagusa plagini, testi yote inarudia."

Maneno ya kutia mu testi alikuwa anaomba kwa mama yake. Nawaona bado: Honorine pa kiti ya chini anaparua samaki, Joëlle pembeni na ordinateur ku magoti.

"Maman, nipatie maneno."

"Maneno ya nini tena? Jana nilikupatia."

"Ya kujaribu mashini. Sema vile unatangazaka ku soko."

Honorine anapanguza mikono, anasimama kabisa, sawa mbele ya bantu. "Ba mama, attention! Ku kilio ya Mama Doudou hakuna kupika, chacune akuye na chakula yake, sinon njaa itatuzika siye ya kwanza!"

Joëlle alicheka paka ordinateur ikatetemeka. "Maman, sasa hii ni Kifaransa ao ni Kiswahili?"

"Ni kinywa yangu."

Na kweli plagini haikuyua. Ilitazama ile neno, ikashindwa kuyua iitie mu paketi gani, ikaiacha inje. Joëlle alitumika juu yake karibu juma. Kisha akatia mu plagini sheria moja: maneno yenye iko ya luga mbili, itie mu paketi zote mbili.

"Sawa mutoto ya ndoa mbili," Honorine alisema. "Anakula kwote."

Vile testi ikajaa maneno ya bibi yangu. Kila neno yenye alitupa mu kiwanja, Joëlle aliitafutia fasi.

Sasa Lucien. Nilimuona na macho yangu, juu Joëlle aliniombea kazi ya kutia grille ya chuma ku dirisha ya ile bureau. Nilikuwa inje na masque yangu ya kuchomelea, dirisha wazi, bo bako ndani mbele ya écran kubwa ku ukuta. Lucien iko na chemise nyeupe, iko na bic, kalamu ya kuonyesha.

"Joëlle, testi yako iko murefu sawa train ya mukuba. Angalia. Kila moja inajenga mradi ya uongo, inatia plagini, inajenga page, inafungua, inatazama, inabomoa. Ingine, vile vile. Ingine, vile vile. Muntu ya inje akitaka kuongeza testi moja, atalala hapa."

Pale alikuwa na haki. Siwezi kumukatalia. Joëlle mwenyewe alikubali, na akatengeneza. Alitia ile kazi yote ya kujenga na kubomoa pa fasi moja, mu kifaa moja ya kusaidia, na kila testi ikabaki na mistari tatu: naingiza hii, nangoja hii, tazama. Alinionyesha kesho yake, na ata mi nilisoma. Nilimuambia: "Hii ni kazi ya fundi." Alifurahi sana.

Siku nilirudi kupaka grille rangi, Lucien alikuwa anasoma zile testi mupya. Na sasa, juu bintu ya kujenga ilitoka njiani, maneno yenyewe ilionekana wazi. Sawa ukifagia kiwanja, unaona kila punje.

"Joëlle, hii ni Kiswahili ya wapi?"

"Ya kwetu, chef."

"Ya kwetu? Hii ni ya soko. 'Njaa itatuzika'? Mu testi? Bantu ya Dar na ya Nairobi batafungua hii, batasema nini? Batacheka! Safisha. Weka Kiswahili bora: 'Karibu nyumbani.' Weka Kifaransa: 'Bienvenue à la maison.' Basi. Tulisema kurahisisha, hapana?"

"Chef, tulisema kurahisisha vile testi inaandikwa. Hatukusema kutoa maneno. Bantu banaandikaka vile, banachanganya. Ata weye unachanganya."

"Mi? Jamais! Mi siwezi kuchanganya, c'est une question ya discipline!"

Mu masque yangu, ya kuzuia harufu ya rangi, nilicheka. Alisikia.

"Papa soudeur, kuko nini?"

"Hapana, chef. Ni moshi."

"Lakini sichomi kintu," hii nilijisemea mu roho, juu siku ile nilishika paka pinceau ya rangi.

Joëlle akasafisha. Afanye nini? Alisema tena mara moja, na Lucien akamuyibu kama kuko batoto bengi ya informatique banazunguka na diplôme mu sachet. Maneno ya bibi yangu ikatoka yote. Ikabaki "Karibu nyumbani," "Asante sana," "Bonne journée," maneno ya ku mulango ya hôtel.

Na kintu ya pili alifanya Lucien mwenyewe, na mikono yake. Alipita mu plagini kutafuta fasi yenye hakuna testi inailinda. Akakuta ile sheria ya luga mbili. Akaitoa. Testi yote ikabaki kijani. Akamuita Joëlle: "Unaona? Nilitoa, na hakuna kintu ililia. Ilikuwa uchafu."

Joëlle alituambia hii pa meza. Honorine alikuwa anagawa bukari, ugali yetu. Alisema tu: "Basi mi ni uchafu ya chef." Tukacheka. Hatukuyua.

Mvua ya mwisho ilipokuwa inaisha, Honorine akashikwa na kifua. Sitaongea mingi juu ya hospitali. Oxygène ilikuwa pale, mu chumba yenye kufungwa, na ufunguo ilikuwa na mukubwa moja, na mukubwa alikuwa ku réunion. Aliporudi, hakukuwa tena muntu ya kupatia oxygène. Aliniambia pole na sauti ya muzuri sana. Ata ile sauti banaisomaka, nafikiri.

Huku kwetu kifo inatangazwa mara mbili. Ya kwanza ni kusema: fulani alikufa, kilio iko hapa. Saa ya kuzika inatokaka nyuma, familia ikiisha kuikala na kuamua, morgue, ile mochwari ya hospitali, ikiisha kuyibu, kaburi ikiisha kupatikana. Kila muntu anayua vile. Ukiona tangazo haina saa, haushangai. Unangoja. Unasema: familia ingali inaikala.

Nilipiga téléphone Kasenga, kwa Ngosa, kaka mukubwa ya Honorine, mwenye bateau ya kuvuka muto Luapula.

"Shemeki," nilimuambia, "dada yako ametuacha."

Nyuma yake nikasikia moteur ya bateau inazima. "Kuzika ni siku gani?"

"Tungali tunaikala. Utaona saa ku Tusindikizane."

"Sawa. Tuko tayari. Tukiona saa, tunatoka."

Kisha courant ya umeme ikaenda mu Katuba, na réseau ya téléphone nayo ikaenda, na haikurudi muzuri paka tulipoisha kuzika. Bantu ya courant banajua juu ya nini. Mi sijui.

Joëlle aliandika tangazo yeye mwenyewe, na machozi, ku bureau, fasi courant ilikuwa. Aliandika: "Familia Kapya inatangaza kifo ya Honorine. Kilio iko Katuba." Kisha akaandika saa: "Levée du corps ni Alhamisi saa ine ya asubui, puis tunaenda direct ku makaburi." Vile kila muntu anasema. Muntu gani Lubumbashi anatafutiaka levée du corps, kutoa mwili ku morgue, neno ingine? Akafinya. Programu ikajenga. Hakuna kintu ililia. Akakuya nyumbani kukaa ku kilio ya mama yake.

Alhamisi, saa ine, tulikuwa mbele ya morgue. Majirani ya avenue yetu walikuwa pale, na mukubwa ya kanisa yetu na baimbaji wachache. Mi natazama barabara. Kila gari kubwa ikipita, nasema: njo ba mama ya soko. Inapita. Nasema: njo bantu ya Kasenga. Inapita. Bantu ya morgue walikuwa na bafu bengine ya kutoa, wakaanza kutusukuma. "Papa, mutatoka ao hamutatoka?"

Tulitoka. Tulienea mu taxi-bus moja, na viti ikabaki wazi. Honorine, mwenye alikuwa anajaza magari na kelele yake, alienda na viti wazi. Walipoanza kutia udongo, nilisikia kila beche, kila koleo. Ku kilio ya muzuri hausikiaka beche, juu ya nyimbo.

Jumamosi Ngosa akafika. Alishuka mu gari ya samaki, hakuingia mu kiwanja. Akaikala pa jiwe ya inje, karibu ya mulango, na kofia ku magoti.

"Ingia, shemeki."

"Nitaingia kwa nani? Dada yangu iko wapi?"

"Tulimuzika Alhamisi."

"Nilisikia. Nilichoka kungoja saa, nikapanda gari, nikasikia ku barabara, kwa muntu ya kuuza maandazi! Mi, kaka yake." Hakupandisha sauti. "Kapya, mwanaume anazikaka bibi yake na siri akiwa na kintu ya kuficha. Mwili ilikuwa na alama?"

Nilitaka kumupiga. Nilitaka pia kulia. Nilisema: "Saa ilikuwa ku téléphone."

"Haikukuwa. Nyumba nzima tulitazama ile téléphone paka batterie inakufa. Jina ya Honorine iko, kilio iko, saa haiko."

Akatoa mu mufuko kitambaa kidogo, akaifungua. Bulungu: uzi ya shanga nyeupe. Kwetu, mwanaume mwenye alifiwa anafunguliwa na familia ya bibi. Banamufunga zile shanga ku mukono, banamuambia: kifo imetoka kwako, enda. Kama hawakufunge, unabaki na mufu ku mugongo. Na bantu banayua. Banakusalimia mbali.

"Nilikuya nayo," Ngosa alisema. "Itarudi Kasenga mu mufuko."

Joëlle alisikia yote. Akaleta téléphone, akafungua tangazo. Jina iko. Kilio iko. Chini yake, fasi ya saa, nyeupe tupu. Alitazama, akatazama tena, nikaona uso yake inabadilika. Aliyua pale pale.

"Baba," alisema, "ni ile sheria ya luga mbili."

Jumatatu tulienda na Joëlle Karavia, ku bureau. Nilivaa koti yangu ya kilio. Lucien alisimama, alinipatia mikono mbili.

"Papa Kapya, mes condoléances les plus sincères. Joëlle alinieleza. Ni incident technique, tunafanya analyse."

"Asante. Kuya uelezee shemeki yangu. Iko pa jiwe mbele ya nyumba yangu. Anafikiri niliua dada yake."

"Eh, Papa! Hapana, hapana. Nitatuma message ya muzuri. Na en-tête, jina ya bureau pa juu."

"Chef, message njo ilizika bibi yangu vile."

"Mashini, Papa, wakati ingine..."

"Mashini haikusema 'safisha'. Mashini haikusema 'uchafu'. Nilikuwa pale ku dirisha."

Alitazama grille yangu. Kweli, aliitazama, sawa anaona mara ya kwanza kama kuko muntu aliitia. Kisha akatazama téléphone yake. "Leo niko na réunion na ba-partenaires ya Dar. Kesho vile vile. Lakini niko na nyinyi mu maombi." Na kwa Joëlle, na sauti ya chini: "Rudisha ile sheria pole pole, bila kelele. Na inje tusiongee."

Tulirudi na miguu sehemu kubwa ya njia. Karibu ya kufika Joëlle akauliza: "Baba, mujomba Ngosa anasoma?"

"Anasoma majina ya bateau. Juu ya nini?"

Alienda moja kwa moja pa jiwe. Akakaa chini, pembeni ya Ngosa, akafungua ordinateur.

"Mujomba, chef hatakuya. Lakini nitakuonyesha kintu, na utasoma weye mwenyewe. Mi sitasema."

Ngosa alitazama ile mashini sawa muntu anatazama mbwa ya mugeni. Joëlle akaandika testi. Mistari tatu tu, ile yenye alitengenezaka. Mbele: Naingiza, na chini yake mustari ya saa ku tangazo ya mama yake, na levée du corps, na Alhamisi, na saa ine. Kisha: Nangoja, na mustari ile ile. Akafinya.

Nyekundu.

"Soma, mujomba."

Ngosa akaweka kidole ku écran. Alisoma pole, sawa anatembea mu matope. "Ni...liingiza... Levée... Alhamisi saa ine." Kidole ikashuka. "Ni...lingoja... Alhamisi saa ine." Kidole ikashuka tena. "Nilipata." Akangoja. "Nilipata nini? Hakuna kintu hapa."

"Njo ile. Hakuna kintu."

"Fanya tena."

Akafanya tena. Nyekundu.

"Tia maneno yangu. Tia: bateau iko départ kesho mapema."

Akatia. Nyekundu. Nilipata, na kisha tupu. Ngosa akakuna ndevu.

"Sasa tia ile ya chef."

Joëlle akatia "Karibu nyumbani." Kijani, haraka, sawa mulango ya hôtel inajifungua.

"Kumbe inapenda paka bageni," Ngosa alisema.

Alikaa mbele ya ile mashini wakati murefu. Alijaribu jina ya mama yake, jina ya kijiji, tusi moja yenye siwezi kuandika. Tusi ilipita. Kisha akafunga ordinateur yeye mwenyewe, na adabu, sawa anafunga Biblia ya muntu.

"Naamini," alisema. "Kapya, nilikutia neno mubaya. Ninaitoa. Alhamisi nitakufunga bulungu, juu Alhamisi njo alizikwa. Ule chef, Mungu atamuuliza."

Nilitaka kusema asante. Hakuniachia.

"Lakini nieleze kintu moja. Mashini ilikula saa, sawa. Gari ya samaki inatoka Kasenga kila siku, inarudi kila siku. Haukukuta ata chauffeur moja ya kumutia neno mu kinywa?"

Nilikuwa na mayibu mingi. Courant. Réseau. Route. Ufunguo ya oxygène. Bakubwa, moja moja, na majina yao. Nikaingia ndani, nikamutolea kiti ya chini ya Honorine, aache jiwe.

Jumanne Joëlle akarudisha sheria ya luga mbili mu plagini. Kisha, juu testi sasa ni mistari tatu tu, akaandika nyingi kupita zamani. Kila neno ya mama yake yenye alikumbuka, na yenye hakukumbuka alikuya kuniuliza, nikamuambia. Maneno ya Ngosa pia aliitia. Hakuomba ruhusa kwa Lucien. Ikawaka kijani yote, na akajenga page upya, na akalala.

Kintu yenye hakufikiri, na nani angefikiri, ni hii: programu ikijenga upya, kila tangazo yenye ilibadilika kesho yake inatumwa tena ku téléphone ya bantu, sawa mupya. Jumatano jioni tangazo ya Honorine ikatoka, sasa nzima. Levée du corps ni Alhamisi saa ine ya asubui.

Alhamisi asubui tulikuwa mu kiwanja, Ngosa na mi na Joëlle, kitambaa ya bulungu pa meza, sahani ya unga ya desturi pembeni. Nikasikia moteur. Camion kubwa, nyuma wazi, ikasimama mbele ya nyumba, imejaa. Ba mama ya soko ya samaki, wote, na kitenge moja, majani ya kilio ku mikono, ngoma moja. Kichwa yao, Mama Chola, akashuka ya kwanza, jasho mingi, meno inje.

"Kapya! Tumefika mbele ya saa! Ungeona vile tulikimbiza chauffeur! Nilimuambia: Honorine hakuchelewaka kwa muntu, hautatuchelewesha kwa Honorine!" Akatazama kiwanja. "Mbona hakuna bâche ya kukinga jua? Bantu bako ku morgue?"

Ba mama bengine wakaendelea kushuka, bananyoosha bitenge, banaulizana nani ataanzisha wimbo.

"Mama Chola," nilisema. "Ni Alhamisi iliyopita."

"Nini njo Alhamisi iliyopita?"

"Tulimuzika."

Alinitazama, kisha akamutazama Joëlle, kisha akatoa téléphone mu kifua, akanionyesha. "Hapa imeandikwa Alhamisi saa ine."

"Ilikuwa ile ingine, mama," Joëlle alisema. "Saa ilipotea. Ilirudi jana."

"Alhamisi iliyopita tulikuwa ku soko." Mama Chola alisema pole pole, sawa anahesabia mutoto. "Tulikuwa tumevaa. Tumevaa, Kapya! Tulikaa na bitenge ya kilio paka jioni, hatukuuza ata samaki moja, tunatazama hii kintu. Tulitaka kukuya wote na camion moja, na juma nzima hakuna mwenye alituambia. Mi mwenyewe niliwatuliza. Nilisema: familia ingali inaikala."

Akaikala chini, mu udongo, na kitenge mupya. Neno ikapita kwa ba mama, mustari kwa mustari, paka nyuma ku camion. Moja tu, mwenye ngoma, mwenye hakusikia, akaanzisha wimbo ya kutoa mwili. Wengine wakatazamana. Kisha wakamufuata, juu wimbo ikianza haiwezi kubaki na muntu moja. Hakukuwa sanduku ya kuimbia. Wakageuka wote ku mulango ya nyumba na wakaimbia mulango. Waliimba muzuri. Katuba yote ilisikia. Nilisimama pembeni ya ile mulango sijui nitie mikono wapi.

Wimbo ilipoisha, Ngosa akanikamata mukono, akafunga bulungu, akasema: "Kifo imetoka kwako. Enda." Alisema sawa inavyopashwa. Mama Chola alikuwa anakunguta udongo ku kitenge, hakututazama.

"Kaburi iko wapi?" aliuliza.

Nilimueleza: barabara ya kati, mustari ya mwisho, musalaba ya chuma, niliichomelea mwenyewe.

"Leo camion iko na kazi ingine saa sita," alisema. "Kesho tuko na soko. Tutaona."

Akapanda. Wakapatia mikono ba mama ya nyuma, mumoja mumoja, bapande na majani yao. Avenue yetu ni ya kubanana, camion haikupata fasi ya kugeuza. Ikarudi kinyumenyume paka ku goudron, barabara ya lami, pole pole, na ba mama wote banatutazama.